Mapango ya chokaa Uganda: niende wapi kwa miguu?

Mwalimu wa Msambweni
Habari zenu wadau. Mimi ni mzaliwa wa Msambweni, nafundisha Kampala mwaka wa tatu sasa. Kwetu pwani mapango ni ya matumbawe. Lile la Shimoni nimeliingia tangu mdogo. Desemba nitakuwa na siku tatu na mpwa wangu wa miaka 13. Natafuta pango la chokaa hasa, lenye mawe yanayoning'inia na kudondosha maji, na tutembee kwa miguu. Mmoja kaniambia Elgon, mwingine Fort Portal. Nishike lipi?

Binti Hima
Karibu kaka. Mimi nimekulia Hima, njia ya Kasese, pale chokaa inapochimbwa na kusagwa kuwa saruji. Kwa hiyo niamini nikisema nenda Fort Portal, uulizie Amabere ga Nyina Mwiru. Ni njia ya Bundibugyo, jirani na shule ya Nyakasura.

Mwambie kijana mapema kwamba si pango la kupotelea ndani. Ni mwamba uliojiinamia kando ya maporomoko ya maji, na njia yake ina utelezi mwaka mzima. Uzuri wake uko kwenye mawe. Amabere kwa Kitooro ni matiti. Wazee wanasimulia kuwa mfalme Bukuku alitabiriwa kuuawa na mjukuu, akaamuru binti yake akatwe matiti asije akanyonyesha. Binti akazaa hata hivyo, akamzaa Ndahura wa Bachwezi, watawala wa kale wa simulizi zetu, na maji meupe yanayodondoka pale ndiyo maziwa yake.

Safari yangu ya mwisho nilichuchumaa chini ya jiwe moja lenye unene wa kidole gumba. Tone lilijikusanya nchani, likavimba, likatetemeka, likakaa muda hadi nikadhani limeganda, kisha likaanguka juu ya kichuguu cha jiwe kilicholoa. Mvua hupita kwenye udongo ikabeba hewa ya kaboni, ikapata ukali wa kuyeyusha chokaa. Ikifika pangoni hewa ile hutoka, na tabaka jembamba la chokaa hubaki. Jiwe hujengeka hivyo, tone kwa tone, kwa maelfu ya miaka.

Ndiyo maana nakuomba sana: kijana asiguse. Mafuta ya vidole yakibaki kwenye jiwe, chokaa mpya haishiki vizuri. Siku ile nilimkuta mgeni amevunja ncha moja na kuitia mfukoni. Roho iliniuma mpaka leo.

Mkazi wa Kapchorwa
Dada amesema kweli kuhusu chokaa. Huku kwetu Elgon mapango ni ya mlima wa volkano, ndani ya majivu yaliyogeuka mwamba, kwa hiyo hutaona mawe ya kudondosha. Lakini kwa kutembea, hakuna kama huku. Lala Sipi, tazama poromoko kubwa la karibu mita 100, kesho yake nenda na mwongozaji hadi pango la Kapkwai. Zamani wazee wetu waliishi mapangoni pamoja na ng'ombe wao. Mkipata likizo nyingine, karibuni.

Mwalimu wa Msambweni
Asanteni sana. Kijana amesikia pia kuna pango la popo msitu wa Maramagambo, anataka tupite.

Binti Hima
Kaka, hapo usimwachie aingie hata hatua moja. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi aliingia pango lile, akarudi kwao na virusi vya Marburg, ugonjwa hatari wa jamii ya Ebola, akafariki. Popo wale wala matunda ndio wanaovibeba. Mkipita, mtazame kwa mbali kutoka pale palipotengwa kwa wageni, basi.

Fort Portal inawatosha. Amkeni saa kumi na mbili asubuhi, milima ya Rwenzori huonekana kabla mawingu hayajaifunika. Mkitoka Amabere pandeni kilima cha Kyeganywa, maziwa ya kreta, yaani yale ya maji yaliyojaa mashimo ya volkano, yatakuwa chini yenu. Vaeni buti za mpira zenye meno, na mbebe tochi mbili, maana mkiwa na moja tu ikalowa mtabaki gizani.

Mwalimu wa Msambweni
Tochi mbili nimeandika. Nikirudi nitaleta habari ya tone, nitahesabu mwenyewe linakaa muda gani.