Bega lililoganda: tupeane uzoefu wa mazoezi tiba, wana Tanga

Mleta mada: Habari za leo wakuu. Tunazungumzia bega lililoganda: mkono hauendi nyuma, khanga haifungiki, usiku halilaliki upande ule. Leteni vitu vya kufanya: zoezi gani, mara ngapi, na watu wanaliharibia wapi.

Mwana_Makorora: Kwanza hakikisheni ndilo lenyewe. Mgonjwa alale chali, akunje kiwiko na kukibana ubavuni, kisha mtu mwingine auzungushe mkono kwenda nje. Bega lililoganda linagoma hata likisukumwa na mwenzio. Kama mwenzio anauinua mkono mpaka juu lakini mwenyewe huwezi, shuku kano zilizochanika. Hilo lina mazoezi yake. Eksirei ya bega lililoganda kwa kawaida haionyeshi kitu, inapigwa kuondoa wasiwasi wa mengine. Na pimeni sukari! Ugonjwa huu unawaandama sana wenye kisukari, na walio kati ya miaka 40 na 60, wanawake zaidi.

Dada wa Chumbageni: Nyongeza: jueni mko hatua gani. Mwanzoni maumivu ndiyo makali, kwa sababu mfuko unaozunguka kiungo umevimba, na ukiuvuta kwa nguvu unauchokoza. Baadaye maumivu yanapungua, unabaki mkazo. Mwisho linaachia polepole. Safari nzima mara nyingi ni mwaka 1 hadi 3, kwa hiyo anayeahidi wiki 2 mwogopeni.

Hatua ya maumivu zoezi ni la kuning'iniza. Inama, mkono mzima ushike meza, mbovu uning'inie. Tikisa nyonga, mkono ufuate wenyewe, duara la upana wa sahani, mizunguko 10 kila upande, mara 2 au 3 kwa siku. Wengi wanauzungusha kwa misuli ya bega, na hapo faida yote inapotea.

Fundi Viungo: Mkazo ukishakuwa ndio tatizo kubwa, anza na taulo la maji ya moto dakika 10 hadi 15. Kisha chukua mti wa fagio, lala chali, viwiko vimekunjwa, khanga iliyokunjwa ikae kati ya kiwiko na ubavu. Kwa mkono mzima sukuma mti ili mkono mbovu uende nje. Shikilia sekunde 15 hadi 30, rudia mara 5. Khanga ikidondoka ujue kiwiko kimetoroka, unajidanganya.

La ukutani: vidole viupande ukuta taratibu, weka alama ya chaki ulipoishia. Angalieni bega lisipande sikioni na mgongo usipinde, maana mkono utaonekana umepanda kumbe ni kiwiliwili. La kuvuta khanga mgongoni liwe la mwisho, ndilo linalouma kuliko yote.

Kipimo changu ni usiku. Maumivu yakitulia ndani ya saa moja au mbili, endelea. Usiku ukiwa mbaya kuliko jana, kesho punguza nusu, usiache kabisa.

Mwana_Makorora: Na kuchuliwa je? Maana hapa Ngamiani kila mtaa una mchuaji.

Fundi Viungo: Mafuta ya nazi shingoni na kwenye bapa la bega, sawa, yanalegeza misuli. Kunyakuliwa mkono hapana! Mfupa unaweza kuvunjika. Hospitali wakilazimisha kiungo, mgonjwa amepigwa nusu kaputi. Sindano ya steroidi inasaidia zaidi hatua ya maumivu, ila kwa mwenye kisukari sukari hupanda kwa siku kadhaa, kwa hiyo amwambie daktari mapema na apime mara kwa mara.

Dada wa Chumbageni: Kulala: chali, mto mdogo chini ya kiwiko. Ndani ya daladala shika kiti, siyo bomba la juu. Mkono usifungwe kombeo wiki nzima, unazidi kukaza. Bega jekundu lenye joto na homa, au la kushoto likiuma pamoja na kifua kubana na jasho, hayo si ya mazoezi, wahini hospitali ya Bombo.

Mleta mada: Na swala? Bi mkubwa anauliza takbira.

Fundi Viungo: Mkono uishie unapofika, asiusukume. Sijida ndiyo inayolielemea bega, kwa hiyo hatua ya maumivu akae kwenye kiti na kuinamisha kichwa. Akirudi chini, viganja aviweke karibu na magoti kwanza, avisogeze mbele kadiri bega linavyoruhusu.