Thairoidi inafanya kazi kupita kiasi: niendelee na vidonge, iodini ya mionzi au upasuaji?

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa waliopitia hili.

Nina ugonjwa wa Graves (kinga ya mwili inaichochea thairoidi, ile tezi ya shingoni, itoe homoni nyingi mno). Kabla ya kuanza kabimazoli (vidonge vya kupunguza homoni hizo) moyo ulikuwa unaenda mbio hata nikiwa nimelala, na mikono ilitetemeka hadi kuingiza ufunguo kwenye kitasa ikawa kazi. Sasa nina nafuu, ila ile dozi ya miezi 12 hadi 18 inakaribia kuisha na daktari anasema kwa wengi ugonjwa hurudi wakiacha dawa.

Iodini ya mionzi, inayoharibu seli za tezi, unameza tu, hakuna kisu. Lakini macho yangu yameanza kutokeza, na mionzi inaweza kuyazidisha. Halafu nataka mtoto. Baada ya mionzi mwanamke anatakiwa kusubiri angalau miezi 6. Upasuaji wa kutoa tezi unamaliza mambo haraka, ila mishipa ya fahamu ya sauti inapita karibu nayo, kwa hiyo nahofia sauti (kuongea ndiyo riziki yangu). Njia zote hizi mbili mara nyingi zinakuacha na levothairoksini (vidonge vya kufidia homoni ya thairoidi) maisha yote, jambo ambalo kusema kweli halinitishi sana.

Mliotolewa tezi, sauti ilibadilika? Na kuna aliyeacha vidonge akabaki salama?