PSA imepanda baada ya mionzi ya tezi dume: saratani imerudi?

Mwana Masasi: Wakuu, habari za leo. Mzee ana miaka 69. Alimaliza mionzi ya saratani ya tezi dume pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, miezi 16 iliyopita, bila sindano za homoni. PSA, ile protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, ilishuka mpaka 0.7, ya juzi imesoma 1.3. Usiku anaamka mara nne kukojoa, na mara mojamoja choo kinakuja na damu mbichi. Nyumbani wameshasema imerudi. Tumkimbize Dar?

Kusini Pwani: Poleni, mkuu. Kwa aliyepigwa mionzi, chukua namba ya chini kabisa aliyowahi kufikia, ongeza 2. Kwake ni 2.7; akifika hapo ndipo huhesabiwa kuwa imerudi. Aliyetolewa tezi yote ana hesabu nyingine: PSA inatakiwa isionekane, na 0.2 ikithibitishwa kwa kipimo cha pili ni kurudi. Watu wanachanganya hizi mbili, wanatishana bure, au wanatulizana bure, ambayo ni mbaya zaidi.

Mionzi haiondoi tezi, na iliyobaki bado inatoa PSA. Kati ya mwaka wa kwanza na wa tatu ni kawaida ipande kidogo kisha ishuke yenyewe. UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, nayo huipandisha. Kwa hiyo apime mkojo kwanza. Akikutwa na maambukizi atibiwe, PSA irudiwe baada ya wiki sita hivi. Siku mbili kabla ya kipimo asikutane na mkewe wala asipande baiskeli. Na iwe maabara ileile, maana mashine mbili zinaweza kutoa namba tofauti kwa damu ileile. Majibu ya 1.3 wapelekee kliniki yake sasa hivi, msingoje 2.7; namba ikizidi kupanda kipimo baada ya kipimo, wao ndio wataamua.

Mama Mikindani: Hiyo damu ya chooni isipuuzwe. Mionzi huchubua utumbo mpana wa mwisho kwa sababu umelala nyuma ya tezi, na damu inaweza kuanza miezi mingi baadaye. Asikae na choo kigumu: maji, mboga, matunda. Lakini lazima achunguzwe, isije ikawa uvimbe mwingine. Kabla ya kipimo cha kamera amwambie daktari kwamba alipigwa mionzi ya tezi dume. Kipande cha nyama kikikatwa kwa kupimwa kwenye ukuta wa mbele wa utumbo uliopigwa mionzi, kidonda huweza kugoma kupona na kutoboka. Wazee wengi hawasemi, wanadhani ni ugonjwa mwingine kabisa.

Mwana Masasi: Asante sana mama. Na kukojoa usiku? Wengine wanasema ni kichocho.

Kusini Pwani: Kichocho huku kwetu kipo kweli, apimwe, hasa kama mkojo una damu. Ila msimpe dawa kwa kubahatisha, kwani mionzi nayo huunguza kibofu. Apunguze chai na kahawa jioni, vinywaji avimalize masaa mawili au matatu kabla ya kulala.

Kinachowafanya mtoke usiku huohuo ni kingine: maumivu mapya ya mgongo yasiyotulia hata akilala, miguu kulegea au kufa ganzi, mkojo au choo kumtoka bila kujua. Hapo uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa, na miguu ikishapooza mara nyingi hairudi. Mpelekeni hospitali kubwa iliyo karibu kabisa, Dar itafuata kwa rufaa.