Mafundi mnaoshusha gia boksi bila hata kupampu klachi, mnatuumiza sana

Wakuu habari zenu. Uzi mrefu kidogo mtanisamehe ila nina hasira na hili lazima lisemwe.

Nina Toyota Altezza RS200, ile manyuo (gia za mkono) ya gia sita yenye injini ya 3S-GE. Wenye nazo mnajua, otomatiki zimejaa ila manyuo nzima kuipata ni shughuli, na gia boksi yake ndo usiseme. Sasa ikaanza kugoma gia asubuhi, ukiwasha namba moja haiingii mpaka utumie nguvu, rivasi ndo inasaga kabisa mpaka wapita njia wanageuka. Nikapeleka gereji moja hapa Dar, jina siliweki. Fundi kakaa kwenye siti, kaingiza rivasi mara moja, ikasaga, akashuka: "Bosi, gia boksi imekufa, sinkro zimeisha." (Sinkro ni zile ringi za ndani zinazosawazisha mwendo ili gia iingie laini.) Basi! Boneti hajafungua, kikopo cha fluidi ya klachi hajakiangalia.

Wakashusha, wakafunga nyingine ya mtumba, nikalipa hela ya maana. Gari ikatoka gia zinaingia safi, nikashukuru. Haikupita muda, ugonjwa ule ule, rivasi ile ile inasaga vile vile.

Nikampelekea mzee mmoja fundi wa siku nyingi. Hakushika spana. Akasema zima gari, ingiza gia zote. Zikaingia laini zote sita na rivasi. Washa, ingiza. Ikagoma. Haya pampu klachi haraka haraka, ingiza. Ikaingia! Akaniambia hapo gia boksi haina kosa, klachi haiachii. Akaingia chini, akafunua ile raba ya vumbi ya masta ya chini (kile kipampu cha kwenye gia boksi kinachopokea presha ya pedali na kusukuma klachi iachie), fluidi nyeusi ikamwagikia vidoleni. Raba ya ndani imekwisha, presha inavuja, ukikanyaga pedali ule msukumo haufiki wote, kwa hiyo pleti ya klachi inabaki inagusa flaiwili (lile gurudumu zito linalozungushwa na injini) na shafti ya gia boksi inaendelea kuzunguka. Hapo hata ufunge gia boksi mpya ya kiwandani itasaga tu. Na ile nafuu ya mwanzo ni kwa sababu wale walipomaliza kufunga waliongeza fluidi na kutoa upepo, ikashika kwa muda.

Yaani ugonjwa wa ripea kiti (seti ya raba) ya masta ya chini nimeulipia gia boksi nzima!!

Na hivi vitu si siri jamani. Sinkro ikichoka mara nyingi inasumbua gia moja au mbili, hasa namba mbili ukiwa unatembea, gia zote haziwezi kugoma kwa pamoja gari imesimama halafu ukizima zinaingia zote. Klachi iliyoisha nayo ina dalili zake, uko namba nne au tano unapanda mlima unakanyaga mafuta, mshale wa rpm unapanda ila spidi haiongezeki, na harufu ya kuungua juu. Kelele pia inasema: ukiwa frii hujakanyaga kitu inalia, ukikanyaga klachi inanyamaza, anza kushuku beringi ya shafti ya mbele ya gia boksi. Ikilia pale unapokanyaga, hiyo rilisi beringi, ile inayosukuma klachi iachie. Fundi anayechukua hela za watu anashindwaje kusikiliza?

Halafu kuna la oili, hili nalo linaniudhi. Mzee alipouliza wameweka oili gani kwenye hii ya mtumba, nikapiga simu, jibu "ya gia tu bosi, ya difu", yaani ile ya gia za ekseli ya nyuma. Oili za gia zina madaraja, kuna GL-4 na kuna GL-5, oili nyingi za difu ni GL-5, na baadhi zina kemikali zinazokula sinkro za shaba, nyingine zinateleza mno sinkro inashindwa kukamata. Unaangalia kitabu cha gari kimesema nini, humwagi tu kilichopo kwenye dumu.

Kinachoniuma zaidi ni gia boksi yangu ya mwanzo, ile nzima isiyo na kosa. Niliiacha pale kwa sababu niliambiwa ni skrepa. Nimeifuata wananiambia "ilishachukuliwa". Na nani? Skrepa gani inachukuliwa haraka hivyo? Risiti yao ninayo imeandikwa kabisa "gia boksi mbovu", na masta ya chini iliyokuwa inavuja ninayo pia. Jumatatu naenda na yule mzee, wanirudishie gia boksi yangu au hela yangu. Kama kuna mtu humu aliwahi kudai spea yake gereji akafanikiwa, aniambie alianzia wapi, serikali ya mtaa au polisi moja kwa moja.