Tupeane uzoefu: Fedha za umma kwenye kampeni zinafika wapi, na mwenye mfuko mnene anaingilia wapi?

Mleta mada
Wadau, habari za wakati huu. Kila uchaguzi ukikaribia tunalalamika kuhusu pesa kwenye siasa, kisha mada inazama. Safari hii naomba waje waliokaa na vitabu vya hesabu: waweka hazina wa vyama, wakaguzi, na walio ughaibuni wanaojua mifumo ya huko. Pesa ya umma inakokotolewaje, anapewa nani, inakwama kwenye karatasi gani? Visa binafsi tuviweke kando, tupeane utaratibu.

Karani wa Vocha, Nairobi
Kwa Kenya, anzia kwenye Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011. Inataka Hazina ya Vyama vya Siasa ipate si chini ya asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa. Serikali imekuwa ikitoa pungufu ya hapo, kwa hiyo chama kinachopanga bajeti kwa kutazama sheria badala ya kilichoingia benki kitashindwa kulipa hata pango la ofisi.

Tangu marekebisho ya 2022, asilimia 70 hugawanywa kwa kura za uchaguzi mkuu uliopita, 15 kwa waliochaguliwa kutoka makundi maalumu, 10 kwa idadi ya wawakilishi wa chama, na 5 ni za kuendesha Hazina yenyewe. Kura zinazohesabiwa ni za rais, wabunge, magavana na wawakilishi wa wadi, zote kwa jumla. Vyama vingi vidogo huteleza hapa. Mgombea wa wadi aliyeshindwa bado amekiletea chama kura za kuingia kwenye hesabu, lakini vyama husimamisha watu pale tu panaponukia ushindi.

Chukua mfano wa shilingi bilioni 1. Fungu la kura ni milioni 700. Chama chenye asilimia 10 ya kura za vyama vinavyostahili kinapata milioni 70 hapo. Kati ya hizo, angalau milioni 21 ziende kwenye kuinua wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na jamii zilizotengwa, na zisizidi milioni 21 kwa utawala na mishahara. Ukiwa na zaidi ya thuluthi mbili ya viongozi waliosajiliwa wa jinsia moja, hupati kitu.

Penye hoja nyingi za ukaguzi ni malipo kwa wanachama. Sheria inakataza fedha hizi kulipa ujira, posho au manufaa yoyote kwa mwanachama au mfuasi asiye mfanyakazi wa chama. Sasa kongamano la vijana linafanyika, watu wanapewa “nauli” mkononi, karatasi ya mahudhurio ina majina bila saini wala namba ya kitambulisho. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akiikuta hiyo, fungu lote la kongamano linakuwa hoja.

Msomaji wa Pwani
Ahsante sana mkuu. Lakini hapo mgombea mwenyewe yuko wapi?

Karani wa Vocha, Nairobi
Hayupo, ndugu yangu, na hilo ndilo linaloniuma. Pesa inafuata kura za jana na inaingia makao makuu ya chama. Anayewania tiketi kwa mara ya kwanza analipa ada ya uteuzi, mabango, mafuta ya gari na mawakala kabla ya kuona hata senti ya umma. Atakayemkopesha wakati huo ndiye atakayempigia simu akishaapishwa. Sheria ya Ufadhili wa Kampeni ya 2013 ilikusudia kuziba hapo. IEBC, yaani tume ya uchaguzi, ilitangaza ukomo wa matumizi Agosti 2021, wa urais ukiwa takriban shilingi bilioni 4.4. Bunge likakataa kanuni zake, na uchaguzi wa 2022 ukafanyika bila ukomo wowote.

Mswahili wa Bronx
Habari zenu ndugu. Jiji la New York linampa mgombea moja kwa moja, kwa kufuata wachangiaji wadogo wa sasa. Kila dola 1 ya mkazi wa jiji huongezewa 8. Kwa umeya, kinachoongezewa ni dola 250 za kwanza za kila mtu, kwa hiyo 250 huleta 2,000 za umma. Dola 10 za mama wa saluni zinakuwa 90.

Kuingia kuna masharti. Mgombea wa umeya awe na wachangiaji 1,000 wa jijini na jumla ya dola 250,000 za aina hiyo inayoongezewa. Wa baraza la jiji anahitaji wachangiaji 75 wa eneo lake na dola 5,000. Kila anayeingia anakubali ukomo wa matumizi na ukaguzi baada ya uchaguzi, na wa umeya anakubali pia midahalo.

Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala aliyekuwa akiwania umeya, Machi 2025 aliwaomba wafuasi waache kuchangia kwa ajili ya kura ya mchujo ya chama chake kwa kuwa alishafika ukomo. Upande wa pili, kundi la nje lililomuunga mkono mpinzani wake Andrew Cuomo lilitumia zaidi ya dola milioni 20. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa 2010, makundi ya namna hiyo hayawekewi ukomo, mradi yasipange mambo pamoja na mgombea. Jiji haliwezi kuyapangia kiwango.

Panapoharibika: tajiri anawapa watu kumi dola 250 kila mmoja wachangie kwa majina yao, na kila jina linavuta 2,000 za walipa kodi. Ni kosa la jinai. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kuchangia, mwenye viza ya muda haruhusiwi. Msikubali kabisa kuandikwa majina kwenye harambee ya mtu.

Mkaguzi Mstaafu, Dar
Tanzania ruzuku nayo ni ya chama, kwa wabunge na kura. Takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, ilifutwa na Mahakama Kuu mwaka 2006, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inampa Waziri kuweka ukomo kwa ukubwa wa jimbo, idadi ya watu na hali ya mawasiliano. Pesa nyingi humwagwa kwenye kura za maoni za kuteua wagombea ndani ya chama, wajumbe wakiwa wachache na wanajulikana kwa majina. Ukomo unaoangalia kampeni za majukwaani pekee unafika wakati mgombea ameshanunuliwa.

Msomaji wa Pwani
Wakuu, chama kidogo kianzie wapi leo?

Karani wa Vocha, Nairobi
Akaunti ya fedha za umma iwe peke yake, isichanganywe na michango. Kila shughuli iwe na faili lake: barua ya kuidhinisha, bei za ukumbi kutoka kwa watoa huduma watatu, risiti yenye jina la chama, mahudhurio yenye saini na namba za vitambulisho, na muhtasari wa kikao. Ukilipa kwa simu, chapisha taarifa ya muamala siku hiyo hiyo na uibane kwenye vocha ya malipo.