MJADALA: Je, Jenerali von Lettow-Vorbeck anastahili sifa tunazompa Tanzania?

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili kwa utulivu. Kila inapotajwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia hapa kwetu, hurudi maneno yale yale: Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, hakushindwa hata siku moja, aliwapenda askari wake Waafrika kama wanawe, alikuwa muungwana. Wapo wanaotaka Tanga na Mahiwa (Lindi), alikopigana, pawekwe mabango ya kumuenzi ili watalii kutoka Ujerumani waongezeke. Mimi nasimama upande wa pili. Uhodari wake vitani siupingi. Ninachopinga ni kuusifu utu wake, kwa sababu uhodari ule ulilipiwa na watu wa nchi hii kwa chakula chao, mifugo yao na miili yao.

Kwanza nimpe haki yake. Alizaliwa Saarlouis mwaka 1870, akafika huku Januari 1914 kuongoza jeshi la koloni la Wajerumani. Vita vilipoanza Agosti, Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni lisihusishwe na ugomvi wa Ulaya. Lettow hakumsikiliza. Novemba mwaka huo Waingereza walishusha Tanga wanajeshi wapatao 8,000 kutoka India. Yeye alikuwa na watu 1,000 hivi, wengine wamefika kwa reli ya Usambara wakati mapambano yanaendelea. Adui akarudi melini na kuacha ufukweni bunduki, rashasha na risasi kama 600,000. Ndipo nyuki nao, wanaosimuliwa kuwashambulia askari vitani, walipoingia kwenye hadithi, na watu wa Tanga wanaisimulia mpaka leo.

Meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilipoangamizwa katika delta ya Rufiji Julai 1915, alihakikisha mizinga yake yote 10 inaopolewa, ikatumika nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, ukipita ukauone. Oktoba 1917, pale Mahiwa, Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000 kati ya 5,000 hivi. Mwezi uliofuata alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji ya Wareno, akazunguka huko miezi kumi, akarudi, akapenya hadi Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Habari za kusitishwa kwa vita alizipata karibu na Mto Chambeshi, akasalimisha silaha Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918. Ulaya ilikuwa imenyamaza wiki mbili kabla. Ukiyatazama haya kama mwanajeshi, huwezi kukataa kwamba mtu huyu alikuwa na akili ya vita na moyo mgumu.

Lakini hili la "hakushindwa" tulichunguze. Septemba 1916 Dar es Salaam iliangukia mikononi mwa Waingereza, na mwezi huo huo jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo, ambalo askari wake walikuwa Wakongo, likaichukua Tabora. Mwisho wa 1917 hakuwa na kijiji hata kimoja cha koloni alilotumwa kulilinda. Alichobaki nacho ni jeshi linalotembea. Jeshi linalotembea bila ghala, bila reli, bila meli ya kuliletea chakula, linakula nini?

Hapo ndipo moyo wa mjadala huu ulipo. Linakula ghala la mkulima. Linakula mbegu aliyoiweka ya msimu ujao. Linachukua ng'ombe, kuku, muhogo ambao haujakomaa, kisha linamchukua na mkulima mwenyewe abebe hivyo vyote. Daktari wa jeshi lake mwenyewe, Ludwig Deppe, aliandika baada ya vita kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala yaliyoporwa na njaa, na kwamba njia waliyopita ilijulikana kwa vifo na vijiji vilivyohamwa. Hayo hayakusemwa na adui wala na mwanaharakati wa leo. Yalisemwa na Mjerumani aliyetembea naye.

Fikirieni na mahali pale. Mwaka 1917 vita vilijikusanya Kusini: Liwale, Lindi, Masasi, Newala. Ni eneo ambalo miaka kumi tu nyuma lilikuwa limepigwa Vita vya Maji Maji, na Wajerumani wakachoma mashamba na maghala makusudi ili njaa iwanyooshe watu. Mtoto aliyenusurika njaa ya 1907 ndiye kijana aliyekamatwa 1917 kubeba risasi. Mama yake ndiye aliyeona jeshi likiingia kwenye shamba la muhogo kwa mara ya pili. Sijui ni uungwana wa namna gani unaopimwa bila kumhesabu mama huyo.

Na Ugogo, eneo la Dodoma. Wajerumani waliporudi nyuma 1916 walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Waingereza walipofika wakafanya hivyo hivyo. Mvua ziliposhindwa baada ya hapo, hapakuwa na akiba wala nguvu kazi. Wagogo waliiita njaa ile Mtunya. Wanahistoria hukadiria kwamba ilichukua watu 30,000 hivi, karibu mmoja kwa kila watano. Dodoma ni makao makuu ya nchi yetu, na bado ni wachache mno kati ya wanaohamia pale wanaolijua jambo hili, wakati jina la jenerali wanalijua.

Watetezi wake husema alikuwa na lengo kubwa: kuwashika Waingereza huku ili wasipeleke wanajeshi Ulaya. Kwa lugha ya makao makuu ya Berlin, hoja hiyo inaeleweka. Ila tazameni waliokuja kumkimbiza ni akina nani. Wahindi, watu wa Afrika Kusini, Wanigeria, Wakongo, na zaidi ya wote askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika lililokuzwa hadi batalioni 22 kwa kuandikisha vijana wa Nyasa (Malawi ya leo), Kenya, Uganda na hata wa koloni la Wajerumani lenyewe. Sehemu kubwa ya hao wasingepelekwa kamwe kwenye mapigano ya Flanders huko Ulaya. Kwa hiyo kila mwezi aliourefusha, mzigo wake mkubwa uliangukia Waafrika wa pande zote mbili. Alitumia bara zima kuwa kikwazo cha barabarani. Ufanisi wenyewe bado unabishaniwa, gharama yake haibishaniwi.

Kuhusu tabia, lazima turudi nyuma kabla ya 1914. Lettow alikuwa Afrika Kusini-Magharibi, Namibia ya leo, kuanzia 1904, akihudumu katika ofisi ya Lothar von Trotha, kamanda wa Wajerumani huko. Huyo ndiye aliyetoa amri ya Oktoba 1904 kwamba kila Mherero, mtu wa kabila lililoasi, atakayeonekana ndani ya mipaka ya koloni apigwe risasi, wengine wakasukumwa jangwa la Omaheke wafe kwa kiu. Ujerumani yenyewe ilikiri 2021 kwamba yale yalikuwa mauaji ya kimbari. Msaidizi wa ofisini si lazima awe ndiye aliyetunga amri, hilo nakubali. Lakini Lettow aliishi hadi 1964. Alikuwa na miaka sitini ya kutafakari, na alipoandika kumbukumbu za maisha yake uzeeni bado alitetea kwamba uasi mkubwa kama ule ulipaswa kuzimwa kwa njia zote. Kwangu hilo ni zito kuliko vita vyote vya Tanga na Mahiwa, kwa sababu tabia ya mtu huonekana anapokuwa na nafasi ya kusema vingine.

NYONGEZA, baada ya kusoma michango yenu.

Kaka mmoja ameandika kwamba askari walimpenda kweli, na akaleta ushahidi: mwaka 1953 Lettow alipokuja Dar es Salaam wazee waliokuwa askari wake walimpokea kwa shangwe, na 1964 Ujerumani Magharibi ikaidhinisha malipo kwa waliokuwa bado hai. Yote mawili ni kweli, na sitaki kuwadharau wazee wale. Walipitia naye magumu, walikuwa na fahari ya kazi yao, na haki ya kumkumbuka walivyotaka ni yao. Lakini askari hawakuwa nchi nzima. Askari alikuwa na cheo, na familia yake na watumishi walifuatana naye, na kijijini alikuwa mtu wa kuogopwa. Jeshi lilipokuwa kubwa lilikuwa na askari zaidi ya 11,000, Abercorn wakafika 1,168. Wengine walikufa, wengine walitekwa au kuachwa wagonjwa, na wengi walitoroka. Yule aliyetoroka naye ana maoni yake juu ya jenerali, basi tu hakualikwa kwenye mapokezi. Na malipo yale yalikuja miaka 46 baada ya vita, yakawahusu askari. Mpagazi, yaani mbeba mizigo wa jeshi, ambaye mara nyingi alichukuliwa kwa nguvu na katika miezi ya mwisho wengine walifungwa kamba wasikimbie, hakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Mama yetu aliyeuliza kuhusu Hitler, shikamoo, nashukuru kwa swali. Inasimuliwa kwamba Lettow aliukataa ubalozi wa London aliopewa na Hitler, na ni kweli hakuwa mtu wa chama kile. Wanawe wawili walikufa katika vita vya pili, na msiba huo simwombei mtu. Ila tusisimamishe historia hapo. Machi 1920 alikuwa kamanda Mecklenburg, akaunga mkono jaribio la mapinduzi la Kapp dhidi ya serikali halali ya jamhuri ya Ujerumani, na ndiyo sababu akaondoka jeshini. Toka 1928 hadi 1930 alikaa bungeni kwa chama cha wazalendo wa mrengo wa kulia. Agosti 1939, chini ya utawala wa Hitler huyo huyo, alipokea heshima ya cheo cha jenerali wa askari wa miguu. Kumkataa mtu mmoja hakumfanyi awe rafiki wa uhuru wa wengine.

Wengine mmesema Waingereza walikuwa wabaya zaidi. Kwa hesabu ya wapagazi, sina ubishi. Walikusanya karibu milioni moja katika miaka ile, na waliokufa kwa kuhara, homa, nimonia na njaa hukadiriwa kufika 100,000, na wapo wanaoona hesabu hiyo ni ndogo. Kariakoo ya Dar es Salaam ilikuwa kambi yao. Lakini hakuna hata mmoja hapa aliyependekeza bango la kumuenzi Jenerali Smuts, aliyeongoza majeshi ya Waingereza huku. Hakuna anayesema Smuts alitupenda. Ni Lettow peke yake tunayemwombea msamaha kwa kumlinganisha na adui yake.

Kuna aliyeniambia ninawasumbua wafu, Wajerumani wenyewe wanamheshimu. Walimheshimu sana, ndiyo. Mazishini mwake 1964 hotuba ilitolewa na waziri wa ulinzi Kai-Uwe von Hassel, mzaliwa wa Gare, Usambara, na askari wawili wazee walipelekwa kwa ndege kuhudhuria. Lakini mambo yamebadilika huko kuliko huku. Saarlouis, mji aliozaliwa, umeliondoa jina lake kwenye mtaa. Kambi za jeshi zilizoitwa kwa jina lake zimefungwa au zimebadilishwa jina. Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja Songea akaomba radhi kwa ajili ya Maji Maji. Wao wanalishusha jina, sisi tunataka kulipandisha kwa ajili ya kiingilio cha watalii.

Na kuna jambo moja linaloniuma ambalo naona wengi hawalijui. Mwaka 1919 mmoja wa dinosaria waliofukuliwa Tendaguru, Lindi, alipewa jina la kisayansi Dysalotosaurus lettowvorbecki, kwa heshima ya jenerali. Mifupa ile ilichimbwa kati ya 1909 na 1913 na mamia ya vibarua wa Kusini, chini ya wasimamizi kama Boheti bin Amrani, ikabebwa vichwani na mabegani siku kadhaa hadi bandarini, kisha Berlin. Vijiji hivyo hivyo vikaja kubeba mizigo ya vita. Jina lililobaki kwenye mfupa ni la mtu aliyebebewa.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili, mlipinge au mliboreshe. Mabango yawekwe, Tanga, Mahiwa, hata njia ya Ruvuma. Jina la Lettow liwepo, kwa kuwa alikuwepo, na mbinu zake zielezwe bila kupunguza. Lakini bango lianze na wapagazi na vijiji, lieleze walikula nini na walipokonywa nini, na liandikwe Kiswahili kwanza. Mtunya iingie kwenye vitabu vya historia vya sekondari kwa ukurasa wake, isiwe mstari mmoja. Na Sanamu ya Askari pale Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, ambayo maandishi yake ya 1927 yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi huku juu akionekana askari peke yake, iongezewe mpagazi. Kwenye sanamu kama hiyo ya Nairobi walimweka tangu mwanzo.

Naomba sasa wachangie wenye asili ya Ugogo, Masasi, Newala, Liwale na Songea. Kama nyumbani kwenu yupo mzee aliyesimuliwa na babu yake kuhusu miaka ile, muulizeni wiki hii jeshi lilipita wapi, lilichukua nini, nani hakurudi, kisha leteni hapa kwa maneno yake mwenyewe, hata kama yanapingana na haya yangu.