Naomba ushauri: niache ajira ya kudumu nikasomee satelaiti ndogo?

Fundi wa Mwanga
Wakuu habari za jioni. Niko Kigoma, miaka 31, fundi sanifu wa mitambo ya mawasiliano, ajira ya kudumu mwaka wa sita. Nimepata nafasi ya shahada ya pili nje ya nchi, kwenye kundi linalounda satelaiti ndogo za utafiti, zile za mchemraba wa sentimita 10 kila upande. Likizo bila malipo nimenyimwa, na nina siku 9 tu za kujibu. Silali. Niache kazi? Matusi hapana jamani.

Mama Mawese
Mwanangu, umeoa? Shemeji yangu aliacha ualimu Uvinza akakimbilia dhahabu Geita. Karudi na baiskeli, nayo ya kuazima. Mshahara wa kila mwezi usiuchezee.

Kaka wa Gungu
Fungua duka la sola Kasulu, utanishukuru. Satelaiti hailiwi na ugali.

Mhandisi Dom
Njia ipo. Uganda ilipeleka vijana wake Kyushu Institute of Technology kule Japani, wakaunda PearlAfricaSat-1, ikarushwa Novemba 2022. Kenya ilianza na 1KUNS-PF mwaka 2018, ikaja Taifa-1 Aprili 2023. Ila ujue kazi hizi ni za mradi kwa mradi. Satelaiti ndogo iliyoachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga, kilomita 400 hivi, kwa kawaida haikai hata miaka mitatu, inashuka na kuungua. Mradi ukiisha unatafuta mwingine. Na hujasema nani analipa.

Fundi wa Mwanga
Ada wanalipa wao. Nauli na kujikimu mwaka wa kwanza ni juu yangu. Namna ipo.

Mhandisi Dom
Namna gani?

Fundi wa Mwanga
Hilo silo nililouliza, mkuu.

Mama Mawese
Basi ndilo lenyewe. Sema.

Fundi wa Mwanga
Shikamoo mama. Kuna shamba la michikichi Simbo, aliliacha mzee. Ni letu wawili, mimi na mdogo wangu. Mnunuzi kashanipa malipo ya awali. Dogo sijamwambia. Lakini nimemsomesha mimi tangu kidato cha kwanza, na palizi nalipia mimi kila mwaka. Nikirudi nitamnunulia kubwa kuliko hilo.

Mama Mawese
Marahaba. Kumbe unauliza habari ya kazi na urithi wa mwenzio umeshautia mfukoni! Kwetu ndugu walishitakiana kwa sababu ya michikichi kumi na miwili, hadi leo hawazikani.

Mzee wa Bangwe
Wakuu mnapigwa chai hapa. Satelaiti, urithi, siku 9... kesho anaomba mchango. Mtoa mada, jibu bila kugugo: chombo kilicho kilomita 400 juu, kikipita Kigoma unashika mawimbi yake kwa muda gani?

Fundi wa Mwanga
Dakika kumi kikipita utosini, pembeni ni pungufu. Kinakwenda zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, dunia kinaizunguka kwa dakika 90 na ushee, na kwenye theluthi hivi ya muda huo kiko gizani kinakula betri. Masafa ya redio nayo yanahama: kikija yanapanda, kikiondoka yanashuka. Kwenye megahezi 437 ni kama kilohezi 10 kila upande, usipoyafuata unasikia mvumo mtupu.

Mwaka 2023 nilipanda juu ya paa na antena ya fito nikapokea picha ya mawingu ya NOAA 19, satelaiti ya hali ya hewa ya Marekani. Kila doa la picha ile ni kilomita 4. Ziwa letu lilikuwa mstari mweusi, upana madoa kumi na kitu, nikaliona lote toka Burundi hadi Zambia. Nilichelewa kazini siku ile. Sijawahi kutaka kitu kingine tangu hapo.

Mzee wa Bangwe
Nimefuta neno langu. Huyu kashika antena.

Mhandisi Dom
Waandikie leo, uliza kama kuna malipo ya kusaidia maabara. Vyuo vingi huwapa wanafunzi wa shahada ya pili. Barua ya kuacha kazi isubiri jibu hilo.

Dogo wa Isevya
Kaka, niko Tabora kidato cha tano. Nipe vipimo vya hiyo antena.

Fundi wa Mwanga
Fito mbili za alumini, kila moja sentimita 53, zipanue kama V kwa digrii 120, zilale usawa wa ardhi. NOAA 19 ilizimwa mwaka 2025, wewe lenga Meteor za Urusi, megahezi 137.9.

Wakuu, barua ya maabara nimetuma usiku. Sasa niko stendi, gari la Kasulu linajaza, naenda kwa mdogo wangu. Pesa ya mnunuzi ninayo yote kwenye begi, sijagusa hata noti. Mtandao njiani ni wa shida.